Baraza la Mwami na Wiki Moja ya Gisenyi

Kuanzia tarehe 7 hadi 14 Desemba 1960, viongozi wa vyama vya siasa vya Rwanda waliketi Gisenyi, mji wa ukingoni mwa Ziwa Kivu. Wenyeji wa mkutano walikuwa Wabelgiji, waliokuwa wakiitawala nchi. Walijadili uchaguzi wa bunge na sura ya dola itakayopokea uhuru. Mwami, yaani mfalme, Kigeli V Ndahindurwa hakuwapo: katikati ya mwaka huo alikwenda Léopoldville kuonana na Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Wabelgiji wakamzuia kurudi. Hatima ya kiti ikazungumzwa huku mwenye kiti akiwa uhamishoni.

Chombo kilichotarajiwa kumfunga mfalme huyo kwa sheria kilikuwa kimeundwa miaka minane tu kabla. Baraza Kuu la Nchi liliundwa kwa dikrii ya tarehe 14 Julai 1952, likiwa kileleni mwa ngazi ya mabaraza yaliyoanzia kwa machifu wadogo. Mwenyekiti wake alikuwa Mwami mwenyewe, Mutara III Rudahigwa. Kazi ya Baraza ilikuwa kushauri, basi.

Kwa kulinganisha, Bunge la Uingereza lilipata meno kwa sababu ya fedha. Mfalme Charles I alitawala miaka 11 bila kuliita, lakini vita vya Scotland vilipomkaushia hazina mwaka 1640 ilimbidi aliite, na wabunge hawakukubali kutoa kodi bure. Ugomvi huo ulimfikisha kwenye shoka Januari 1649. Sheria ya Haki ya 1689 ikaandika wazi kwamba mfalme hatozi kodi pasipo idhini ya Bunge.

Nyanza, makao ya Mwami, hakukuwa na hazina ya kugombania. Aliyepanga kodi ni Mbelgiji, na wafalme walikuwa wameshapunguzwa nguvu na mkono huo huo: mwaka 1917 Yuhi V Musinga alinyang'anywa mamlaka ya kutoa hukumu ya kifo, 1925 sherehe ya mavuno ya umuganura ikapigwa marufuku, na Novemba 1931 Gavana Charles Voisin akamwondoa madarakani akamsimika mwanawe, Rudahigwa. Waingereza walipomtimua James II mwaka 1688, angalau Bunge lao ndilo lililoamua nani avae taji. Rwanda halikuwapo hata baraza la kuulizwa.

Hata hivyo, Baraza Kuu halikuwa pambo. Mwaka 1954 lilishirikiana na Rudahigwa kufuta ubuhake, ule mfumo wa ng'ombe uliomfunga mtu kwa bwana wake. Februari 1957 lilidai Wanyarwanda waandaliwe haraka kujitawala. Lakini wajumbe wake walikuwa karibu wote Watutsi, na Machi mwaka huo huo wasomi tisa wa Kihutu, Grégoire Kayibanda miongoni mwao, walitoa ilani kuhusu ukiritimba huo. Juni 1958 malalamiko hayo yalifika barazani, na Mwami akajibu kwamba tatizo la Wahutu na Watutsi halipo. Ni vigumu kutaja kikao kilicholigharimu Baraza zaidi ya hicho, maana waliokuwa nje walikata tamaa ya kuingia kwa njia yake.

Rudahigwa alifariki ghafla Usumbura tarehe 25 Julai 1959. Siku tatu baadaye, kwenye mazishi yake Mwima, Ndahindurwa alitangazwa mrithi, mbele ya Gavana Jean-Paul Harroy, naye Ndahindurwa akaridhia kuwa mfalme wa kikatiba. Novemba nchi ikawaka moto. Mapema mwaka uliofuata Baraza Kuu lilivunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na baraza maalumu la muda.

Mkutano wa Gisenyi ulipomalizika, Umoja wa Mataifa uliingilia: tarehe 20 Desemba 1960 ulitaka uchaguzi uahirishwe na wananchi waulizwe kuhusu ufalme. Wanasiasa wa Parmehutu, chama cha Kayibanda, hawakusubiri. Tarehe 28 Januari 1961, mbele ya umati wa mabwanameya na madiwani waliokusanyika Gitarama, walitangaza jamhuri. Kura yenyewe ilipigwa tarehe 25 Septemba, na takriban asilimia 80 waliukataa ufalme. Siku hiyo hiyo Parmehutu ilijizolea viti 35 kati ya 44 vya bunge; UNAR, chama cha waliomtetea Mwami, kilipata 7.

Bunge hilo nalo lilivunjwa na mapinduzi ya Julai 1973. Rwanda ilipopata bunge la mabaraza mawili chini ya Katiba ya 2003, baraza la chini la wabunge 80 lilipewa haki ya kuiangusha serikali kwa kura ya kutokuwa na imani, nguvu ambayo wajumbe wa 1952 hawakuwa nayo hata kwa maandishi.