Kichocho na Maji ya Misungwi

Katika nchi ya Wasukuma, ambako kiangazi hukausha mito hata ikabaki michanga mitupu, maji yaliyotuama yamehesabiwa tangu kale kuwa neema. Na zama za utawala wa Waingereza, hususan katika mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947, malambo yalichimbwa kwa wingi ili watu na ng'ombe wao wasitaabike. Neema hiyo ikamfaa pia konokono, na pamoja naye mnyoo wa kichocho.

Mnyoo huo aliugundua tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo mwaka 1851, wala njia yake haikubainika mpaka 1915, Robert Leiper alipothibitisha huko huko Misri kwamba hupitia kwa konokono wa maji baridi. Mwanza nako kikaanzishwa kituo cha utafiti wa maradhi mwaka 1949. Na mwaka 1968 watafiti McCullough, Eyakuze na wenzao wakachapisha uchunguzi wao juu ya vyanzo vya maji na kichocho katika eneo la Misungwi. Huko konokono wa vidimbwi, maji yakimkaukia, hujifukia topeni miezi kadhaa, na mvua ikinyesha huibuka hai.

Ajabu zaidi ni ngozi ya mnyoo wenyewe. Yai lake, litokalo na mkojo wa mgonjwa, likifika majini hutoa kiluwiluwi aliyevikwa vinyweleo vya kuogelea, mwenye vipokezi kichwani vya kumtafutia konokono kabla uhai wake wa takriban siku moja haujakwisha. Akishamwingia, baada ya wiki kadhaa hutoka kwa konokono huyo kizazi kingine, chenye mkia wa panda, utando wa sukari unaokihifadhi majini, na vipokezi vinavyotambua joto na mafuta ya ngozi ya mwanadamu. Kikishapenya, huacha mkia, huvua utando, na kwa saa chache hujivika ngozi mpya ya tabaka mbili, ambayo baadaye hujipaka molekuli kutoka damu ya mwenyeji wake, hata kinga ya mwili isikitambue.

Dawa ya prazikwanteli, iliyopatikana miaka ya 1970, huijeruhi ngozi hiyo, na mnyoo ukafichuka. Lakini haimkingi mtoto anayerudi kuogelea kesho yake, wala mkulima wa mpunga hawezi kuambiwa asikanyage maji ya jaruba. Kwa hiyo achimbaye lambo sharti achimbe na choo, maana konokono asiyefikiwa na mkojo hana cha kumwambukiza mtu.