Pumu ya ngozi kwa watoto wachanga

Pumu ya ngozi, au ukurutu, ni ugonjwa usioambukiza unaoleta ukavu, vipele na muwasho. Mara nyingi huanza kabla mtoto hajatimiza mwaka 1, mashavuni, kichwani na upande wa nje wa mikono na miguu. Penye nepi kwa kawaida husalimika. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi wazi: mabaka huwa ya kijivu au kahawia iliyokolea, yenye vipele vidogo vinavyokwaruza kiganja ukipapasa. Ndiyo maana wengi huchelewa kuutambua.

Chanzo ni ngozi isiyohifadhi unyevu vizuri, aghalabu kwa kurithi katika familia zenye pumu au mzio. Kulainisha ngozi ndiko msingi wa matibabu: mtoto aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10, bila sabuni kali wala dodoki, akaushwe taratibu bila kusuguliwa, kisha apakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato mwili ungali na unyevunyevu. Mabaka yakivimba, daktari huandika haidrokotisoni ya 1% kwa siku chache. Krimu za kujichubua zenye klobetasoli zisimguse kabisa. Usaha, malengelenge au homa vikitokea, mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo.