Fotoni Zisizofika: Historia ya Uhandisi wa Kompyuta za Mwanga

Historia ya kompyuta za kwantamu zinazotumia mwanga huwa inasimuliwa kama historia ya mawazo: fulani aliwaza hiki mwaka huu, mwenzake akakithibitisha mwaka ule. Masimulizi hayo si uongo, ila yanamsahau mtu aliyeshika usukani. Tangu miaka ya 1980 hadi leo, kilichoamua kazi hii iende mbio au ijikokote ni upotevu wa mwanga, yaani ni fotoni (chembe za mwanga) ngapi zinafika mwisho wa safari kati ya zile zilizoanza. Waliopambana na upotevu huo ni wahandisi, na wengi wao hawakuwa na habari kwamba siku moja itatokea kompyuta itakayohitaji kazi yao.

Anayetaka kuianza historia hii mahali pake aanzie Harlow, Uingereza, mwaka 1966. Huko Charles Kao na mwenzake George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi katika maabara ya kampuni ya simu, walidai kwamba uzi wa kioo ungeweza kubeba mawasiliano endapo ungesafishwa vya kutosha. Lengo walilotaja lilikuwa la kiasi tu: baada ya kilomita moja ibaki angalau asilimia 1 ya mwanga ulioingia. Kioo cha wakati ule kilikuwa mbali sana na hapo, lakini mwaka 1970 wahandisi wa Corning, Marekani, walilipita lengo hilo. Uzi wa faiba wa leo hubakiza zaidi ya asilimia 95 kwa umbali uleule. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009, mwaka ambao kwa sadfa nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki na watu wa Mombasa na Dar es Salaam wakaanza kuagana na intaneti ya setilaiti. Hata hivyo nyaya hizo za baharini hazitegemei usafi wa kioo peke yake. Kila baada ya makumi ya kilomita kuna kikuza-mwanga, kifaa kilichotokana na utafiti wa miaka ya 1980, hasa wa Southampton na wa maabara za Bell, nacho huupa nguvu mpya mwanga uliochoka. Mhandisi wa fotoni za kwantamu alirithi uzi, hakurithi kikuza-mwanga. Hali ya kwantamu isiyojulikana haiwezi kunakiliwa, jambo lililothibitishwa mwaka 1982, na kukuza mwanga ni kuunakili. Kwa hiyo fotoni iliyopotea katika kazi hii imepotea moja kwa moja.

Uzito wa jambo hilo unaonekana kwenye hesabu. Tuseme fotoni inapita katika vifaa 100 mfululizo, na kila kifaa kinapitisha asilimia 99 ya mwanga, kiwango ambacho katika kazi nyingine kingesifiwa. Uwezekano wa fotoni hiyo kutoka salama ni kama asilimia 37. Zikiwa fotoni 10 ambazo lazima zifike zote pamoja, uwezekano unashuka hadi karibu mara 4 kati ya majaribio 100,000. Ndiyo maana mtu wa fani hii anaweza kutumia miezi akisaka nusu ya asilimia kwenye kiungo kimoja kati ya uzi na chipu.

Wanaotetea historia ya mawazo watajibu kwamba bila nadharia kusingekuwa na kazi ya kufanya. Hoja yao ina nguvu. Mwaka 1987, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Hong, Ou na Mandel walionyesha kwamba fotoni mbili zinazofanana kabisa, zikiingia kwa wakati mmoja kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu, hutoka zote mbili upande mmoja. Mwaka 2001 Knill, Laflamme na Milburn walithibitisha kwamba tabia hiyo, pamoja na vyanzo vya fotoni moja moja, vigunduzi na uwezo wa kurekebisha mitambo kulingana na matokeo, inatosha kujenga kompyuta kamili ya kwantamu. Kabla ya hapo wengi waliamini haiwezekani, kwa sababu fotoni hupishana bila kugusana. Lakini tuangalie kilichofuata. Pendekezo lile lilidai vigunduzi na vyanzo ambavyo havikuwepo kwenye maabara yoyote. Lango la mantiki lililojengwa Brisbane mwaka 2003, katika Chuo Kikuu cha Queensland, lilifaulu mara 1 katika 9, tena mtu alijua limefaulu baada tu ya fotoni kugunduliwa na kuangamia. Nadharia iliwaambia watu njia inaelekea wapi. Miaka mingi iliyofuata ilitumika kuifanya ipitike.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Meza nzito ya chuma iliyojaa vioo na lenzi, kila kimoja kikiwa na skrubu zake za kurekebisha, huyumba joto la chumba linapobadilika kidogo tu, na vipimo vya jana havifai leo. Suluhisho lilitoka tena kwenye biashara ya simu. Mwaka 2008 kundi la Chuo Kikuu cha Bristol lilionyesha malango ya kwantamu yaliyochongwa kwenye chipu ya silika juu ya silikoni, teknolojia iliyokuwa tayari inatumika kugawa mawimbi ya mwanga kwenye mitandao ya mawasiliano. Mwaka 2015 kundi hilo lilitumia chipu iliyotengenezwa na kampuni ya simu ya Japani, NTT, yenye njia 6 za mwanga na vipasha-joto vidogo 30. Ukiongeza umeme kwenye kipasha-joto, kioo chini yake kinapata moto, mwanga unachelewa kidogo, na mzunguko umebadilika bila mtu kugusa skrubu.

Upande wa vigunduzi hadithi ni hiyohiyo. Mwaka 2001 kundi la Gregory Gol'tsman huko Moscow lilionyesha kigunduzi cha waya mwembamba sana wa niobi naitraidi. Waya huo hupozwa hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri, umeme ukapita bila ukinzani wowote. Fotoni moja ikiupiga, sehemu ndogo inapoteza hali hiyo kwa kitambo kidogo sana, na umeme unatoa mshtuko unaoweza kuhesabiwa. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilifikisha ufanisi wa asilimia 93 kwa kubadilisha madini ya waya. Kati ya miaka hiyo miwili hakuna nadharia mpya ya kompyuta iliyohitajika. Kilichohitajika ni madini bora, uchongaji bora na majokofu bora.

Pingamizi kubwa zaidi ni mashine iitwayo Jiuzhang. Mwaka 2020 kundi la Pan Jianwei na Lu Chaoyang huko Hefei, China, lilitangaza kwamba mashine yao ya mwanga ilifanya kwa sekunde 200 hesabu maalumu ambayo kompyuta kuu, kwa makadirio yao, ingeifanya kwa mamilioni ya miaka. Haikuwa chipu. Ilikuwa meza ya vioo, na hesabu yenyewe ilikuwa tunda la nadharia ya Aaronson na Arkhipov ya mwaka 2011. Je, si ushindi wa mawazo? Sehemu, ndiyo. Lakini kilichowawezesha ni kupanga vioo 75 na vigawa-mwale 300 hivi huku mwanga ukibaki, na kuvikusanya vigunduzi 100 vya aina ile ya Moscow. Mwaka 2022 kampuni ya Xanadu ya Kanada ilitoa mashine yake ya kazi kama hiyo, Borealis. Kisha, mwaka 2024, watafiti walichapisha njia ya kuiga majaribio ya aina hiyo kwa kompyuta za kawaida, na ufunguo wao ulikuwa huohuo upotevu: mwanga ukishapotea kwa wingi, sehemu kubwa ya unaobaki inakuwa ya kawaida, isiyo na ukwantamu wa kuishinda kompyuta ya kawaida. Mimi naona huo ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwani wapinzani wa mashine hizo hawakuhitaji kuikosoa nadharia. Walihesabu fotoni zisizofika.

Mwaka 2025 PsiQuantum, kampuni ya Jeremy O'Brien aliyeongoza kazi za Brisbane na Bristol, ilieleza katika jarida la Nature chipu zinazotengenezwa kwenye kiwanda cha GlobalFoundries, mahali panapotengenezwa chipu za kawaida. Muunganisho wa fotoni ulifikia usahihi wa asilimia 99.22. Mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali ya Australia na ya Queensland zilikubali kuweka dola za Australia milioni 940 ili mashine ijengwe Brisbane. Anayesoma asilimia ile kwa haraka ataona kazi imekwisha. Ila usahihi huo umepimwa kwa fotoni zilizogunduliwa tu, zilizopotea njiani hazimo, na makala yenyewe inaendelea kueleza mifereji mipya ya silikoni naitraidi na swichi za bariamu titanati ambazo bado zinatengenezwa ili kupunguza idadi ya zinazopotea.