Bahari Ilipofungwa, Nani Aliyelala Njaa?

Hebu fikiria unaamka asubuhi unasikia bandari imefungwa. Meli haiingii wala haitoki. Mchele, dawa, nguo, vyote vimekwama nje. Je, ataumia nani kwanza, mwenye bunduki au mwenye sufuria tupu?

Jambo hili liliwapata jirani zetu hapa hapa. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, kuanzia tarehe 1 Machi 1915, Waingereza walitangaza kuifunga pwani yote ya koloni la Wajerumani, ambayo leo ni pwani ya Tanzania bara. Manowari zikapiga doria. Nia ilikuwa kuua biashara na kulinyima silaha jeshi la von Lettow-Vorbeck.

Je, walifaulu? Biashara ilikufa kweli. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilibanwa katika delta ya Rufiji mpaka ikaangamizwa Julai 1915. Lakini wapi! Uzio ule ulikuwa na matundu. Meli ya Rubens ilifika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915. Ilipigwa mizinga, ila shehena yake kubwa iliopolewa. Marie nayo ilifika Sudi, kusini, Machi 1916. Kilichokosekana kikatengenezwa: kwinini huko Amani, Usambara, nguo kwa pamba ya nchini, na huko Tabora, mwaka 1916, karakana ya reli ikapiga sarafu za dhahabu za rupia 15. Jeshi lile lilisalimu amri Novemba 1918, vita vya Ulaya vilipokuwa vimekwisha.

Basi nani aliyelipa? Si unajua, jeshi lililonyimwa bahari hula nchi kavu. Huko Ugogo, Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoingia nao wakachukua vilevile. Mvua ilipokosa, ghala zilikuwa tupu. Njaa ya 1917 hadi 1920 Wagogo waliiita Mtunya, na inakadiriwa watu wapatao 30,000 walifariki. Hakuna hata mmoja wao aliyeanzisha vita vile.

Kwa hivyo ndugu yangu, ukisikia bahari imefungwa ili kumbana adui, usiulize tu kama adui amebanika. Uliza pia, ili yeye ale, ni ghala la nani litakalovunjwa?