Shilole: Binti wa Igunga na adhabu ya mwaka 2015

Zuwena Mohamed, anayefahamika zaidi kwa jina la Shilole, alizaliwa Igunga mkoani Tabora. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walitoka mkoa huo wakiwa na pembe za ndovu mabegani kwenda kutafuta ujira Bagamoyo. Shilole naye aliielekea pwani, ila kwa usanii. Kila anapousimulia mwanzo wake husisitiza dhiki, na kwamba alikuwa mama angali msichana mdogo.

Watazamaji walimjua kwanza kama mwigizaji wa Bongo Movie, yaani filamu za Kitanzania, enzi zilipokuwa zikiuzwa kwa diski mitaani na wasanii wengi wakilalamika kwamba faida inaishia kwa msambazaji. Uimbaji ulifuata. Kwa nyimbo kama "Lawama", "Nakomaa na Jiji" na "Chuna Buzi", zenye mahadhi ya mduara, alipata jukwaa lake mwenyewe.

Jukwaa hilo ndilo lililomponza. Mei 2015 alitumbuiza Ubelgiji, na picha zilizomwonyesha akiwa kifua wazi zikasambaa mitandaoni. Julai, Baraza la Sanaa la Taifa (Basata), chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, lilimfungia kwa mwaka mmoja asifanye sanaa ndani wala nje ya nchi. Adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko ilivyosikika. Msanii wa Bongo Fleva hali kwa kuuza albamu. Anakula kwa shoo, na mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi mkuu, msimu ambao mikutano ya kampeni huwahitaji wanamuziki. Miaka mitatu baadaye, Desemba 2018, Basata liliwafungia wanamuziki Diamond Platnumz na Rayvanny, safari hii bila kikomo, kwa kuuimba jukwaani wimbo "Mwanza" uliokuwa umepigwa marufuku. Januari 2019 wakafunguliwa. Kulinganisha adhabu hizo mbili hakumpendezi yeyote anayedai kwamba maadili hupimwa kwa mizani moja.

Baadaye Shilole alitoa "Say My Name" akiwa na mwanamuziki Barnaba, kisha akajulikana pia kwa biashara ya chakula, Shishi Food, jijini Dar es Salaam.

Tabora inapotajwa katika muziki, wazee hukimbilia Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na wana haki. Lakini bendi hizo zilikuwa za wanaume, na binti wa Igunga aliyeigiza, akaimba, akafungiwa na kurudi kazini bado hatajwi katika orodha hiyo.