Engare Nanyuki: Historia ya Ardhi ya Wameru

Kabla ya Mjerumani, Wameru walikuwa wameshajenga maisha yao kwenye miteremko ya Mlima Meru. Juu, kwenye mvua, ilikuwa migomba, na baadaye kahawa. Chini, mbugani, ng'ombe walipata majani na magadi. Familia moja ilihitaji vyote viwili, na hapo ndipo ukoloni ulipowakata.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, kule Umeru. Wajerumani walilipiza kwa ukali: askari walikuja pamoja na wapiganaji wa Kichaga, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa. Kisha ardhi ya chini ikapimwa na kugawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Mwingereza. Mashamba hayo yaliuzingira mlima, na mfugaji aliyetaka kushuka mbugani na mifugo yake akajikuta anapita kwenye mali ya mtu.

Mwingereza alipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hakuwarudishia. Mashamba ya Wajerumani aliyauza kwa masetla wengine. Wameru wakaanza kulipa fedha taslimu ili wapate tena ardhi ya babu zao, na miongoni mwa sehemu walizozilipia ni Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima.

Mwaka 1946 serikali ilimteua Jaji Mark Wilson achunguze matatizo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Hakuna aliyebisha kwamba watu walikuwa wamebanana. Lakini ripoti yake ya 1947 ilipendekeza ukanda kati ya Meru na Kilimanjaro uwe wa Wazungu watupu, bila Mwafrika katikati, kwa ajili ya ufugaji wa kisasa. Engare Nanyuki ilikuwa ndani ya ukanda huo. Wenyeji waliambiwa wahamie King'ori, chini zaidi, kwenye joto na maradhi ya mifugo. Kwa maneno mengine, tiba ya uhaba wa ardhi ya Wameru ilikuwa kuwanyang'anya ardhi waliyoilipia, na uamuzi huo Gavana Edward Twining aliusimamia hadi mwisho.

Wameru walikataa kuhama na wakakataa fidia. Hawakuficha silaha wala kuingia msituni. Walikaa majumbani mwao wakasubiri watolewe.

Operesheni ilianza tarehe 17 Novemba 1951. Polisi walifika na malori, vyombo vikatolewa nje, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa kuelekea King'ori. Watu wapatao 3,000 walipoteza makazi. Ng'ombe na kondoo walikufa kwa wingi katika kuhama huko, na kwa mfugaji hilo ni kufilisika. Wengi hawakukaa King'ori hata kidogo. Walipanda mlimani kujibanza kwa ndugu, wakaongeza msongamano uleule uliotajwa kuwa sababu ya kuwahamisha.

Yaliyofuata ndiyo yanayoifanya habari hii kuwa ya Tanganyika nzima. Nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mtu wa nchi ya udhamini alikuwa na haki ya kumpita gavana na kupeleka malalamiko yake New York. Haki hiyo ilikuwa imeandikwa, lakini hakuna Mtanganyika aliyekuwa amesafiri kwenda kuitumia kwa mdomo wake. Wameru walichanga. Wakulima wa kahawa na wafugaji waliotoka kupoteza mali zao walitoa walichobakiwa nacho ili kumsafirisha kijana wao, Kirilo Japhet. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi.

Mwaka 1952 Seaton na Kirilo walilifikisha shauri hilo mbele ya Baraza la Udhamini, kisha mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Uingereza ililazimika kujieleza hadharani. Kamati iliwaunga mkono Wameru, lakini Desemba azimio lilipofika Baraza Kuu halikupata theluthi mbili ya kura. Ardhi haikurudi mwaka huo. Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilikuwa imetangaziwa hali ya hatari tangu Oktoba, kwa kilio hichohicho cha ardhi.

Kirilo aliporudi, alizunguka majimboni akieleza aliyoyaona. Naamini ziara hizo zilifanya kazi kubwa kuliko kura ya New York. Mtu wa jimbo la mbali alijua sasa kwamba gavana ana mkubwa wake, na kwamba anayeweza kumfikia mkubwa huyo ni Mwafrika wa kawaida aliyechangiwa nauli na wenzake. Chama cha TANU kilizaliwa Julai 7, 1954. Machi 1955 kiongozi wake, Julius Nyerere, alisimama mbele ya Baraza lilelile la Udhamini, naye kwa nauli ya michango ya wananchi, na safari hii hoja haikuwa shamba moja. Alisema Tanganyika ni nchi ya Waafrika na kwamba ijitawale.