Zanzibar na Mtego wa Kuhesabu Vyama

Orodha ya Msajili wa Vyama vya Siasa nchini Tanzania ina vyama karibu ishirini. Ukienda Zanzibar kuvitafuta, utakutana na viwili. Giovanni Sartori alishaonya mwaka 1976 kwamba chama kisichoweza kuingia serikalini wala kuitia serikali hofu hakifai kuhesabiwa. Lakini kwa Zanzibar hata onyo hilo halitoshi, maana hata hivyo viwili hubadilisha majina huku wapiga kura wakibaki palepale.

Machi 2019, baada ya Mahakama Kuu kuutambua uenyekiti wa Profesa Ibrahim Lipumba ndani ya chama cha upinzani cha CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF Zanzibar, alihamia chama cha ACT-Wazalendo. "Shusha tanga, pandisha tanga," ndiyo iliyokuwa kaulimbiu. Bendera za CUF zikateremshwa, matawi yakapakwa zambarau, na barazani wakabaki kukaa watu walewale. Kwa takwimu zetu za kitaaluma, hapo chama kikuu cha upinzani kimekufa na kingine kimezaliwa. Kwa mtu wa Pemba, lililohama ni jina.

Mfuasi wa Maurice Duverger atajibu upesi: mbunge mmoja kwa jimbo, mshindi kwa wingi wa kura, basi vyama viwili. Jibu hilo linakwama Tanzania Bara, kwenye kanuni zilezile za majimbo. Nafasi ya pili ya urais wa Muungano ilishikwa na NCCR-Mageuzi mwaka 1995, CUF mwaka 2000 na CHADEMA mwaka 2010. Huko upinzani umekuwa ukihama chama hadi chama bila kujenga kambi ya kudumu. Kanuni ya uchaguzi haikuijenga.

Zanzibar kambi zilitangulia vyama vya leo. Katika uchaguzi wa Januari 1961 chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata viti 10, ZNP, maarufu kama Hizbu, 9 na ZPPP 3; Chake Chake iliamuliwa kwa kura moja. Wabunge wa ZPPP wakagawanyika, pande mbili zikawa 11 kwa 11, uchaguzi ukarudiwa Juni. Mwaka 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura ikakosa serikali. Yakaja Mapinduzi ya 1964, kisha miongo mitatu bila uchaguzi wa ushindani. Uliporudi mwaka 1995, Salmin Amour wa chama tawala, CCM, alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, na CUF ikachukua viti vyote 21 vya Pemba.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kusema CUF ni Hizbu iliyofufuka. Hoja hiyo ni tamu jukwaani, ila kitaaluma ni dhaifu. Maalim Seif hakutoka Hizbu. Alikuwa Waziri Kiongozi wa serikali ya CCM, akaondolewa mwaka 1988 na kufukuzwa chamani mwaka huohuo. Kambi hairithiwi tu kama shamba la mikarafuu. Huzalishwa upya na namna dola inavyowatendea watu wake, na kila fukuzo huupatia upinzani kiongozi aliyeiva.

Matokeo rasmi ya urais wa Zanzibar ya 2020 yanaonekana kuipinga hoja hii ya kambi zinazodumu: Hussein Mwinyi wa CCM alipewa asilimia 76, Maalim Seif chini ya 20. Upinzani uliyakataa. Lakini Desemba ya mwaka huohuo Maalim aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, chini ya mfumo wa serikali ya umoja wa kitaifa ulioridhiwa kwa kura ya maoni ya 2010. Mfumo huo unakiri kwamba upande wa pili upo, hata sanduku la kura likiutangaza mdogo.

Alipofariki Februari 2021, waliomwona Maalim kuwa ndiye chama walitarajia kambi isambaratike. Mwanzoni mwa Machi kiti chake kilikaliwa na Othman Masoud Othman, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar aliyeondolewa kazini mwaka 2014 baada ya kupinga baadhi ya vifungu vya Katiba iliyopendekezwa katika Bunge la Katiba. Naye pia alitoka serikalini.